Mashine Isomapo Kiswahili: Mfumo wa Linux, Msomaji Asiyeona na Kazi ya Mwanaisimu

Mtu asiyeona anapoketi mbele ya kompyuta, skrini iliyoko mbele yake haimfai kitu. Yote anayoyajua kuhusu maandishi yaliyomo huyajua kwa njia mbili tu: ama kwa vidole, kwa kutumia kifaa kinachoinua na kushusha nukta nundu, ama kwa masikio, kwa kutumia programu inayoyageuza maandishi kuwa sauti. Kifaa cha nukta nundu ni ghali mno, na kwa sababu hiyo walio wengi hutegemea sauti. Makala haya yanahusu njia hiyo ya pili, hasa jinsi inavyofanya kazi katika mfumo wa kompyuta uitwao Linux. Hata hivyo, hatukusudii kuandika mambo ya uhandisi. Tunalokusudia ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hii, tena ile iliyoachwa nyuma, ni kazi ya isimu. Na kwamba kanuni ambazo mashine inazihitaji ili isome Kiswahili sawasawa ni zile zile tunazowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, pamoja na chache ambazo sisi wenyewe hatujazimaliza. (Tunatumia neno kompyuta ingawa baadhi ya wenzetu hupendelea tarakilishi. Ugomvi huo hauna nafasi hapa.)

Kwa nini Linux? Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ukaunganishwa na programu za mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Ni mfumo huria. Mtu hutakiwi kuununua, na matini ya programu zake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma na kuirekebisha. Sifa ya kwanza ina uzito wake kwa mwanafunzi wa Kenya, kwa maana programu maarufu ya kuwasomea wasioona katika kompyuta za Windows, yaani JAWS, huuzwa kwa bei ambayo wengi hawaimudu. Lakini kwa makala haya sifa ya pili ndiyo kubwa zaidi. Programu ya kibiashara ikikosea kutamka neno la Kiswahili, msomaji hana la kufanya ila kuandika barua na kungoja. Programu huria ikikosea, kanuni iliyoleta kosa hilo imeandikwa katika faili ambayo mwalimu wa fonolojia anaweza kuifungua, akaisoma na kuisahihisha.

Historia yake kwa ufupi

Mwaka 1995 ni mwaka wa kukumbukwa katika habari hii. Mwaka huo ndipo ilipotolewa programu iitwayo Emacspeak, kazi ya T. V. Raman, mwanasayansi wa kompyuta mzaliwa wa India aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Mwaka mmoja kabla ya hapo Raman alikuwa amekamilisha tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, juu ya namna ya kusoma kwa sauti maandishi ya kitaalamu yenye hesabu; mfumo aliouunda aliuita AsTeR, jina lililolingana na la mbwa wake wa kumwongoza, Aster.

Wazo la Raman lafaa kuelezwa, kwani ni wazo ambalo mwanaisimu atalitambua mara moja. Programu za kawaida za kusoma skrini hulichukua umbo lililoandikwa na kulitamka jinsi lilivyo. Tuchukue kalenda. Anayeona huona majedwali ya tarakimu, naye kwa kutazama juu na kando hujua kwamba tarakimu fulani ni siku ya Jumanne. Programu inayosoma umbo tu itasema, "moja, mbili, tatu, nne," mpaka mwisho wa mstari, na msikilizaji atabaki na orodha ya hesabu isiyo na maana. Emacspeak haisomi mstari. Huiuliza programu ya kalenda yenyewe kinachomaanishwa mahali hapo, kisha hutaja siku, tarehe, mwezi na mwaka. Kwa maneno mengine, haitafsiri umbo, hutafsiri maana. Tofauti hii kati ya kusoma kilichochorwa na kusema kilichokusudiwa itajitokeza tena tutakapofika kwenye Kiswahili.

Njia nyingine ilipitia konsoli, yaani ile skrini ya maandishi matupu isiyo na picha. Kirk Reiser, Mkanada, aliongoza kazi ya programu iitwayo Speakup, ambayo haikai juu ya mfumo kama programu nyingine bali hukaa ndani ya kiini chenyewe cha Linux. Faida yake ni kwamba huweza kuanza kusema mapema sana mashine inapowashwa, na kama kuna kosa linalozuia mfumo kuamka, asiyeona hulisikia. Kwa miaka mingi Speakup iliwekwa katika sehemu ya kiini inayotengwa kwa kazi ambazo hazijakomaa, na mwaka 2020 ndipo ilipohamishiwa mahali pake rasmi. Hapo awali ilihitaji chombo cha pembeni cha kutoa sauti kilichounganishwa kwa waya. Siku hizi sauti hutengenezwa na programu ndani ya kompyuta ile ile.

Kwa upande wa madirisha na picha, mambo yalikuwa magumu zaidi, maana hapo hakuna mistari ya herufi ya kusomwa bali michoro. Suluhisho lilikuwa kuzitaka programu zote zijieleze: kila kitufe, kila orodha, kila nafasi ya kuandikia itangaze jina lake, aina yake na hali yake, na programu ya kusoma ipokee matangazo hayo na kuyasema. Programu inayofanya kazi hiyo katika Linux ni Orca, iliyoanzishwa katika kampuni ya Sun Microsystems na Marc Mulcahy, mtayarishaji programu ambaye mwenyewe haoni. Mwaka 2006 ilichukua nafasi ya programu iliyoitangulia, Gnopernicus, katika mazingira ya GNOME. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na kundi lililokuwa likilipwa kuishughulikia likatawanyika. Kazi iliendelea hasa kwa jitihada za Joanmarie Diggs, ambaye kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa mtunzaji wake mkuu. Tunalitaja jambo hili ili msomaji aone jinsi chombo ambacho watu wengi hukitegemea kwa masomo na riziki kinavyoweza kushikiliwa na mikono michache sana.

Jambo moja zaidi na historia itatosha. Tangu toleo la 7 la mfumo wa Debian, lililotolewa mwaka 2013, asiyeona anaweza kuiweka Linux katika kompyuta yake peke yake, kwa sauti ya programu. Mashine inapotoa mlio wa kuanza, yeye hubonyeza herufi s kisha kitufe cha kuingiza, na kuanzia hapo kila swali husomwa. Asiyewahi kumwomba mtu mwingine amsomee barua yake ya siri labda hataona ukubwa wa jambo hili.

Sauti yenyewe na kanuni zake

Orca na Speakup hazitamki. Zenyewe huamua kitakachosemwa, kisha hupeleka maandishi hayo kwa programu nyingine inayotengeneza sauti. Katika Linux, programu hiyo kwa kawaida ni eSpeak, iliyotungwa na Jonathan Duddington wa Uingereza, au mrithi wake eSpeak NG aliyeanza mwaka 2015. Sauti yake haikurekodiwa kutoka kinywa cha mtu, bali hutengenezwa kwa hesabu za mawimbi. Kwa hiyo husikika kama ya chuma, na mgeni huichukia. Wazoefu huipenda kwa sababu mbili: ni ndogo, yaani lugha zake zote huchukua nafasi kidogo katika kompyuta, na hubaki ikieleweka hata ikiharakishwa. Kasi yake ya kawaida ni maneno 175 kwa dakika, lakini wapo wasikilizaji wanaosoma kwa maneno 300 au 400. Mtu asiyezoea hasikii hapo ila mvumo.

Kiswahili kimo katika eSpeak. Duddington hakuzijua nyingi kati ya lugha alizoziingiza, naye aliwaomba wenyeji wa lugha hizo wamsaidie kusahihisha. Kila lugha ina faili mbili za msingi. Ya kwanza ni ya kanuni: herufi fulani, ikitanguliwa na hiki na kufuatwa na kile, itamkwe hivi. Ya pili ni orodha ya maneno yasiyotii kanuni, pamoja na tarakimu na vifupisho. Aliyesoma fonolojia zalishi atahisi yuko nyumbani, kwani muundo wa kanuni hizo ni ule ule wa sauti na mazingira yake.

Mtu anaweza kudhani kwamba Kiswahili hakina shida, kwa kuwa huandikwa kama kitamkwavyo. Dhana hiyo tumeirudia mno madarasani. Mashine huifichua.

Tuanze na mkazo. Sote twajua kwamba mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini kanuni hiyo haitekelezeki mpaka silabi zihesabiwe, na silabi hazihesabiki mpaka ijulikane ni nazali ipi inayosimama peke yake kama silabi. Katika mtu, m ni silabi na ndiyo yenye mkazo. Vivyo hivyo katika amempa, mkazo uko juu ya m, na mashine isiyojua hili itauweka kwenye me. Kanuni ya kwanza basi ni nyepesi: m ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa b, v wala w, ihesabiwe silabi. Kwa n, kanuni ni kwamba mwanzoni mwa neno ambalo baada yake lina irabu moja tu, n ni silabi, kama katika nchi, nne, nta, nzi na nje. Lakini ny na ng' ziondolewe kwanza, kwani hizo ni sauti moja kila moja.

Ugumu uko kwenye mb. Mbuni, ndege yule mkubwa, ana silabi mbili. Mbuni, mti uzaao buni, una silabi tatu, na mbuni, mtu anayebuni, ana tatu pia. Mtu mbaya na njia mbaya zimeandikwa kwa namna moja lakini hazitamkwi kwa namna moja, kwa maana m ya kwanza ni kiambishi cha ngeli kinachosimama peke yake, na ya pili imeungana na b. Hali kadhalika kumbuka na kumbusu: katika neno la pili m ni kiambishi cha mtendwa. Herufi hazitoi dalili yoyote. Anayetofautisha ni yule anayeijua mofolojia, na programu ya kanuni za herufi haina mofolojia. Kwa bahati, katika mifano hii mkazo haubadiliki mahali pake, hivyo kosa ni la mdundo tu na msikilizaji hulisamehe. Maneno mafupi kama mbwa na mbu, ambamo m hubeba mkazo, ni machache na yanaweza kuorodheshwa.

Yako pia maneno yanayoivunja kanuni ya mkazo. Kila kitabu cha sarufi hutaja barabara: njia ya magari ina mkazo kwenye silabi ya tatu, na barabara yenye maana ya sawasawa ina mkazo kwenye ya pili. Faili ya orodha inaruhusu kusema neno fulani liwekwe mkazo kwenye silabi ya pili, lakini kwa kuwa tahajia ni moja, atakayeandika hivyo ataiharibu njia ya magari. Sharti achague, na kwa maoni yetu achague njia ya magari, kwani ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Ama tofauti za mpumuo, kama zile za Kimvita kati ya paa la nyumba na paa mnyama, hazimo katika tahajia sanifu na hatuoni sababu ya kuidai mashine kitu ambacho wasemaji wengi wa Kiswahili sanifu hawakitamki.

Kuna jambo dogo la tahajia ambalo lina madhara kuliko ukubwa wake. Alama ya ng' ina sura mbili katika kompyuta: ile iliyonyooka inayopatikana kwenye kibodi, na ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa jicho zinafanana, kwa mashine ni herufi mbili tofauti zenye nambari tofauti. Ikiwa kanuni imeandikwa kwa alama ya kwanza tu, kitabu kilichopigwa chapa kwa alama ya pili kitasomwa vibaya tangu ng'ombe hadi ng'ambo. Kanuni yoyote ya ng' haina budi kuzitaja zote mbili.

Tarakimu na upatanisho

Mahali panapotutia mashaka zaidi ni tarakimu. Kiingereza kina neno moja la 2, nacho hulitumia kwa watu, kwa viti na kwa miti. Kiswahili hakiwezi. Anayesoma "watoto 2" hutamka wawili, "viti 2" viwili, "miti 2" miwili. Namba 1, 2, 3, 4, 5 na 8 hupatana na nomino. 6, 7, 9 na 10 hazipatani. Upatanisho huo huendelea mpaka mwisho wa namba ndefu, kwa hiyo "wanafunzi 28" ni ishirini na wanane, na "vitabu 13" ni kumi na vitatu. Kisha "chumba cha 2" si cha mbili bali ni cha pili. Na "asilimia 2" ni mbili, bila kubadilika. Ili mashine isome tarakimu moja sawasawa, yapasa ijue ngeli ya nomino iliyotangulia, nayo nomino hiyo huenda iko maneno matatu nyuma, kama katika "watoto wangu wote 2".

Programu iliyobuniwa kwa lugha za Ulaya huigeuza tarakimu kuwa neno bila kuangalia kushoto wala kulia. Haya ndiyo matokeo ya kusoma umbo badala ya maana, lile kosa la kalenda tulilolieleza. Tunaamini kwamba kanuni rahisi ya kutazama kiambishi cha neno lililotangulia ingerekebisha mengi: neno likianza kwa wa-, tumia wa-, likianza kwa vi-, tumia vi-. Ingekosea mahali fulani, lakini kiasi gani? Hilo ni swali linaloweza kujibiwa kwa kuhesabu matini, na lingefaa tasnifu ya uzamili.

Tatizo hili hili limo katika Orca. Programu hiyo ikisema kwamba kitu fulani kimechaguliwa, huchukua jina la aina ya kitu kutoka sehemu moja na hali yake kutoka sehemu nyingine, kisha huziweka pamoja. Kwa Kiingereza hakuna neno litakalobadilika. Kwa Kiswahili kitufe kimechaguliwa, orodha imechaguliwa, mstari umechaguliwa, na mfasiri hupewa nafasi moja tu ya kuandika tafsiri ya hali hiyo kwa vitu vyote. Wapo watakaopendekeza kutumia i- kila mahali. Hatukubaliani nao, kwani msikilizaji atakayesikia "kitufe imechaguliwa" mchana kutwa atafundishwa makosa na chombo alichopewa kumfundisha. Afadhali kutafuta nomino isiyohitaji upatanisho, mathalani "kitufe, chaguo la sasa", ingawa tunakiri kwamba si maneno matamu.

Saa nazo zina yao. Kompyuta huandika 14:30, na anayezungumza Kiswahili huisoma saa nane na nusu mchana. Lakini barua iliyoandikwa "tukutane saa 2:30" tayari imeandikwa kwa saa za Kiswahili. Mashine haiwezi kujua. Pengine ni heri isome kilichoandikwa, msikilizaji ajitolee hesabu mwenyewe. Ila saa ya kompyuta yenyewe, ambayo hakuna shaka juu ya asili yake, ingeweza kutajwa kwa desturi yetu.

Kazi iliyokwisha kufanywa

Si kweli kwamba hapa kwetu hakuna aliyejishughulisha. Mwaka 2005 watafiti wakiwemo Mucemi Gakuru na Frederick Iraki walichapisha ripoti ya mfumo wa kusoma Kiswahili kwa sauti, uliojengwa juu ya Festival, programu huria ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mfumo huo ulitumia sauti iliyorekodiwa na kukatwakatwa katika vipande vidogo, kwa hiyo ulisikika kama mtu kuliko eSpeak.

Siku hizi zimeingia sauti zinazofunzwa kwa mitandao ya neva, ambazo mtu akizisikia mara ya kwanza hudhani ni binadamu. Wengine wanasema kwamba kwa sababu hiyo kanuni hazihitajiki tena. Dai hilo halijakamilika. Piper, mojawapo ya programu huria za aina hiyo, iliundwa ikitegemea eSpeak NG kuyageuza maandishi kuwa fonimu kabla ya kuyatamka. Kosa lililomo katika kanuni hurithiwa na sauti nzuri, na kosa linalosemwa kwa sauti nzuri ni gumu zaidi kulitambua. Zaidi ya hayo, NVDA, programu huria ya kusoma skrini katika Windows iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, huja na eSpeak NG ndani yake. Mstari mmoja ukisahihishwa katika faili ya Kiswahili, hufika Linux na hufika Windows pia.

Imebaki shida ya lugha mbili katika ukurasa mmoja. Magazeti yetu, mihadhara yetu na hata mitihani yetu huchanganya Kiswahili, Kiingereza na majina ya lugha za mama. Programu ikiwekwa kwenye sauti ya Kiingereza hukitafuna Kiswahili, na ikiwekwa kwenye Kiswahili hukutana na x, q na c pekee yake, herufi ambazo abjadi yetu haina. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o lina irabu mbili ambazo faili ya Kiswahili hailazimiki kuzijua, na th yake ya Kikuyu si th ya thelathini bali ni kama dh ya dhahabu. Orodha ya majina ya watu na mahali pa Kenya, yenye matamshi yake kwa kila jina, ni kazi ya uchovu isiyo na nadharia ndani yake. Wanafunzi wanne wakigawana mikoa minane ya zamani wanaweza kuianza katika likizo moja, nayo huandikwa katika faili ya maandishi ya kawaida, neno moja kwa kila mstari.